Umerudi na madodoso kutoka shehiani, sasa ufanyeje? Mwongozo wa kuchambua data za utafiti kwa anaeanza kabisa

Kila ukifika msimu wa kumalizia ripoti za chuo maswali ni yale yale: "nshakusanya madodoso 200, sasa nafanyaje?", "supavaiza kaniambia niweke kai-skwea, ndo kitu gani?", "nitumie SPSS au Excel inatosha?", "mbona wastani wangu wa kipato umekuwa mkubwa hivi?" Basi nimeona niyaweke yote pahala pamoja, kwa yule aliyetoka Micheweni au Makunduchi na mkoba wa karatasi na hajui aanzie wapi. Hapa nazungumzia data za madodoso tu, watu wengi wameulizwa maswali yale yale, sio mahojiano marefu ya kurekodi, hayo yana njia zake.

Jambo moja nataka ulishike tangu sasa kwa sababu ntalirudia mpaka mwisho. Kila asilimia utakayoiandika jiulize: ni asilimia ya nani, kati ya wangapi? Makosa mengi yanayoonekana kwenye ripoti sio ya fomula, mana kompyuta inajua kugawa, makosa ni mtu kagawa kwa idadi ambayo siyo.

Mfano ntakaoutumia ni mmoja mpaka mwisho: utafiti wa nishati ya kupikia, kaya 200, mia Unguja na mia Pemba. Majibu ya mfano huu nimeyatunga kwa ajili ya kufundishia, tafadhali usiyanukuu popote. Idadi za watu za sensa ya 2022 ntakazozitaja mbele hizo ni za kweli.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Madodoso yenyewe, yote, hata yale yaliyojazwa nusu. Usitupe karatasi mpaka ripoti ipite.
- Maswali ya utafiti wako kutoka kwenye proposo, yaprinti uyaweke mezani.
- Kompyuta yenye Excel. Huna Excel, LibreOffice ni bure na inafanya kazi hii yote. Ukitaka programu ya takwimu inayofanana na SPSS bila ya kulipa iko PSPP, iko na jamovi, zote bure. Kwa madodoso 200 mimi nakwambia Excel inatosha, anaekulazimisha ununue programu muulize kwanza kuna hesabu gani Excel imeshindwa.
- Daftari la kuandika kila unachokibadilisha kwenye data. Hili watu wanaliruka halafu siku ya utetezi wanaulizwa "hawa watu 6 wameondoka wapi" wanabaki kuangalia chini.
- Flashi au imeili ya kuweka kopi. Faili la mwanzo lipe jina "data_asili" na usiliguse tena, fanya kazi kwenye kopi.

Kama data umekusanya kwa simu kupitia KoboToolbox au ODK basi hatua ya kuingiza inakupita, lakini kusafisha kuko pale pale, usijidanganye.

Hatua ya 1: Chora majadwali matupu

Kabla ya kufungua kompyuta chukua karatasi, kwa kila swali la utafiti chora jadwali litakalolijibu, bila namba ndani. Swali "je kaya za Unguja na Pemba zinatofautiana katika kutumia gesi?" jadwali lake lina mistari miwili (Unguja, Pemba) na kolamu mbili (anatumia, hatumii). Ukishachora matano au sita hivi utaona wazi maswali gani ya dodoso unayahitaji na yepi ni ya ziada. Mtu asiyefanya hivi anaishia kutoa majadwali 40, kila swali la dodoso na jadwali lake, na supavaiza anayarudisha yote.

Hatua ya 2: Namba kwa kila dodoso, na ufunguo wa majibu

Andika namba juu ya kila karatasi, 001 mpaka 200, kwa kalamu isiyofutika. Namba hiyo hiyo ndo itaingia kolamu ya kwanza ya Excel. Siku utakayokuta mtu ana umri wa miaka 450 utakwenda moja kwa moja kwenye karatasi yake ukaone ni 45 au 50.

Kisha andika ufunguo, ukurasa mmoja au miwili, unaosema kila jibu limepewa namba gani: 1 mwanamke, 2 mwanamme, 1 Unguja, 2 Pemba, 0 hapana, 1 ndio. Chagua pia namba ya "sijui" na namba ya "hakujibu" na namba ya "swali halimhusu", haya ni mambo matatu tofauti, usiyaachie yote yawe nafasi tupu. Angalizo: watu wanapenda kutumia 99 kwa hakujibu, lakini kwenye umri 99 ni miaka ya mtu. Tumia -9 au 999 kwenye kolamu za namba na uiandike kwenye ufunguo.

Hatua ya 3: Ingiza data

Kanuni ni mbili. Mstari mmoja ni kaya moja (au mtu mmoja, kutegemea umemuuliza nani), kolamu moja ni swali moja. Usiweke mistari mitupu katikati, usiunganishe vyumba (vile visanduku vya Excel), usiweke rangi za kukumbuka kitu kwa sababu rangi haihesabiki.

Swali la majibu mengi ndo linalowasumbua watu. "Unatumia nishati gani? (chagua zote)", mtu kasema gesi na makaa na makumbi, wengi wanaandika "gesi, makaa, makumbi" kwenye chumba kimoja na hapo umeshaharibu. Kila nishati iwe na kolamu yake, gesi 0 au 1, makaa 0 au 1, kuni 0 au 1, umeme 0 au 1, makumbi na vifuu 0 au 1. Na lile la "nyengine, taja" liandike kama alivyosema mwenyewe, baadae ndo utaona kama lina wa kulinganishwa nao.

Ukiweza ingiza na mwenzako, mmoja anasoma mmoja anaandika. Na ukimaliza chagua kila dodoso la kumi ulilinganishe na karatasi, ukikuta makosa mengi anza kukagua yote.

Hatua ya 4: Safisha, na usiwe na haraka

Hapa ndipo penye kazi kuliko kwengine kote, na hapa ndipo ukiwa mtu wa Zanzibar una faida kwa sababu unajua watu wako wanazungumza vipi.

Anza na majina. Fanya jadwali la marudio la kila kolamu, kwenye Excel tumia PivotTable au COUNTIF, uone kila kilichoandikwa kimetokea mara ngapi. Utakuta "Kiembesamaki", "Kiembe Samaki" na "K/Samaki", utakuta "Mwanakwerekwe" na "M/kwerekwe", utakuta "Wete" na "Wete " yenye nafasi mwisho wake, kwa kompyuta hayo yote ni shehia tofauti. Nafasi za ziada zitoe kwa TRIM, majina yaliyobaki rekebisha kwa mkono.

Kisha namba. Tafuta ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote kwa MIN na MAX kwenye kila kolamu ya namba, na zile zisizoingia akilini rudi kwenye karatasi. Mtu akiandika 150,000/= Excel inaiona ni maneno sio namba, na akiandika 150.000 inaweza kuiona ni mia na hamsini tu, basi zote ziandike 150000 bila alama yoyote.

Sasa mambo ya kwetu khasa, yaangalie moja moja:

Kipato. Umeuliza "kipato chako kwa mwezi" lakini mwenye mwani au pweza anahesabu kwa bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana), na bamvua zinakuja mara mbili kwa mwezi mwandamo, dereva wa daladala anahesabu kwa siku, mwalimu wa skuli ndo kwa mwezi, na mwenye mikarafuu Pemba anahesabu kwa msimu, tena kuna mwaka inazaa sana na mwaka haizai. Mkusanyaji wako kama aliandika namba tu bila kuandika ni ya muda gani hiyo kolamu haifai kuhesabiwa mpaka urudi umuulize. Weka kolamu mbili, moja ya pesa na moja ya muda, kisha ya tatu unayoibadilisha yote kuwa mwezi. Siku za kazi usizibuni, dereva aliyekwambia elfu 30 kwa siku usimzidishie 30 kama hukumuuliza anafanya kazi siku ngapi.

Saa. "Unaanza kupika saa ngapi?" mmoja kaandika 10, ni saa kumi alfajiri au jioni, au kaandika saa ya kizungu ambayo ni saa nne? Fomu ya simu ikiwa na kisanduku cha saa inataka saa 24, na wakusanyaji wengi wanaingiza saa ya Kiswahili bila kufikiri. Tofauti ni masaa sita kamili na hutoiona ukiangalia wastani tu.

Umri. Wazee wengi hawana tarehe, watakwambia wakati wa Mapinduzi nilikuwa natambaa, hapo unajua kazaliwa kiasi cha 1963. Ndo mana ukichora umri utaona watu wengi wako kwenye 40, 50, 60 na wachache kwenye 41 au 59. Sio kosa lako, watu wanazungusha. Dawa yake ni kuweka makundi, 18 hadi 34, 35 hadi 49, 50 hadi 64 na kuendelea, usiandike wastani wa umri wenye desimali mbili kama vile kila mtu kakuonesha cheti.

Mwezi wa mahojiano. Kama baadhi ya watu umewauliza ndani ya Ramadhani na wengine baada ya Idi, matumizi ya chakula na nishati hayawezi kuwa sawa. Weka kolamu ya tarehe na uangalie kama tofauti unayoiona ni ya watu au ni ya mwezi.

Mwisho wa kusafisha ni kukagua mantiki: mtu kasema hatumii gesi halafu swali linalofata kataja mtungi wa kilo 6. Moja kati ya hayo mawili si kweli, rudi kwenye karatasi, ukishindwa kuamua weka "hakujibu" kote kuwili na uandike kwenye daftari.

Na jambo la heshima: majina na namba za simu zitoe kwenye faili la uchambuzi, zibaki kwenye faili jengine lenye neno la siri. Visiwa vyetu vidogo. Ukiandika "mwanamke, miaka 62, anavua pweza, shehia fulani" kijiji kizima kimeshamjua na kipato chake wamekijua.

Hatua ya 5: Marudio na asilimia

Sasa unaanza kuhesabu. Katika kaya 200 za mfano wetu 90 zinatumia gesi, basi 90 gawa kwa 200 ni asilimia 45. Rahisi. Lakini swali linalofata, "mtungi wako ni wa kilo ngapi?", wameulizwa wale 90 tu, na 54 wamesema kilo 6. Ukigawa kwa 90 unapata 60, ukigawa kwa 200 unapata 27. Zote mbili sahihi, ila moja inasema "asilimia 60 ya kaya zinazotumia gesi" na nyengine "asilimia 27 ya kaya zote". Ukiandika "asilimia 60 ya wahojiwa wana mtungi wa kilo 6" umesema uongo bila kukusudia. Kwa hiyo chini ya kila jadwali andika n yake, idadi ya walioulizwa swali hilo na wakajibu.

Swali la majibu mengi litazidi 100 ukijumlisha, gesi 45, makaa 60, kuni 42.5, na hii haina shida, usianze kuzipunguza ili zitimie mia. Andika tu "kaya iliweza kutaja zaidi ya moja".

Kama wahojiwa wako hawafiki 30 usitumie asilimia, sema "watu 7 kati ya 18". Na desimali moja inatosha, mbili hazina maana kwa watu 200.

Hatua ya 6: Wastani au mediani?

Chukua vipato saba vya kwa mwezi vya kupigia mfano: 80,000, 100,000, 120,000, 150,000, 150,000, 200,000, na mmoja mwenye nyumba za wageni 2,000,000. Jumla 2,800,000, gawa kwa 7, wastani ni 400,000. Sasa niambie, katika hawa saba nani anapata laki nne? Hakuna hata anaekaribia. Mediani, yaani yule wa katikati ukiwapanga kuanzia mdogo, ni 150,000, na hiyo ndo inayowasemea hawa watu. Kwenye Excel ni =MEDIAN na =AVERAGE.

Kwa pesa, ukubwa wa shamba, idadi ya miti na kitu chochote ambacho wachache wanacho kingi sana, toa mediani. Kwa vitu vilivyojipanga vizuri pande zote mbili wastani unafaa. Ukiona vimepishana sana, toa vyote viwili na useme kwa nini. Huyo wa milioni mbili usimfute, yupo kweli, ila ndo mana tunatumia mediani ili asiwasemee wenzake.

Maswali ya "nakubali sana, nakubali, sina upande, sikubali, sikubali kabisa", kipimo cha Rensis Likert tangu 1932, watu wanatoa wastani wa 3.4 halafu hawajui maana yake. Kwa anaeanza, toa asilimia ya waliokubali (mbili za juu pamoja), inasomeka na kila mtu. Na kama kuna sentensi iliyokaa kinyume, mfano moja inasema "gesi ni salama" na nyengine "gesi inanitia khofu", ya pili igeuze kabla ya kuijumlisha na mwenzake. Kama majibu umeyapa namba 1 mpaka 5, basi ni 6 toa jibu lake, yaani 5 inakuwa 1, na 4 inakuwa 2.

Hatua ya 7: Linganisha makundi

Hili ndo jadwali ulilolichora hatua ya kwanza. Katika mfano wetu Unguja kaya 60 kati ya 100 zinatumia gesi, Pemba 30 kati ya 100. Asilimia zihesabu ndani ya kundi unalolilinganisha: ndani ya Unguja 60, ndani ya Pemba 30.

Kosa la kawaida sana ni kugeuza: "asilimia 67 ya wanaotumia gesi wako Unguja", mana 60 kati ya 90 ni 67. Hii usiiandike. Wewe ndie uliyechagua kuchukua mia kila kisiwa, kwa hiyo hiyo 67 imetokana na mpango wako wa kuchagua, sio na hali ilivyo. Hapa ndipo lile swali langu linapofanya kazi, asilimia ya nani?

Hatua ya 8: Uzito, kama hukuchukua watu kwa uwiano wao

Sensa ya 2022 imehesabu Zanzibar watu 1,889,773, Unguja 1,346,332 na Pemba 543,441. Yaani Unguja ni asilimia 71.2 na Pemba 28.8, wakati kwenye data zetu kila kisiwa ni nusu. Ukisema "Zanzibar nzima asilimia 45 wanatumia gesi" umeifanya Pemba kubwa kuliko ilivyo.

Hesabu ya uzito, yaani kulipa kila kundi sehemu yake halisi, ni fupi: 60 mara 0.712 ni 42.7, na 30 mara 0.288 ni 8.6, jumla 51.4. Hiyo ndo namba ya Zanzibar nzima kwa mfano wetu, pointi 6.4 zaidi ya ile 45, na ile ya "wanaotumia gesi wako Unguja" inakuwa 83 badala ya 67 (42.7 gawa kwa 51.4). Nimetumia idadi ya watu kwa urahisi wa mfano, ila utafiti wako ukiwa wa kaya tumia idadi ya kaya, machapisho ya sensa yanazo.

Waliochukua idadi sawa kila mkoa shida yao ni kubwa zaidi, mana Mjini Magharibi peke yake ina watu 893,169, karibu nusu ya Zanzibar, na wewe umeipa moja ya tano, mana mikoa ni mitano. Ukilinganisha mkoa na mkoa huhitaji uzito. Unauhitaji pale unaposema "Zanzibar nzima".

Ila uzito hautibu uchaguzi mbaya. Kama uliwauliza watu Darajani sokoni tu, data zako ni za watu waliokuwepo Darajani siku hiyo. Na kama ulikwenda Paje au Jambiani wakati wa maji kupwa ya bamvua, wanawake wa mwani walikuwa baharini wakati wewe unagonga milango, na hakuna fomula itakayowarudisha kwenye data. Liandike hilo kwenye ripoti waziwazi.

Hatua ya 9: Tofauti ni ya kweli au ni bahati?

Mambo mawili yanatosha kwa mwanzo.

La kwanza ni mpaka wa kosa, yaani namba ya kweli inaweza kuwa juu au chini ya yako kwa kiasi gani. Ni 1.96 (kwa uhakika wa asilimia 95) mara kipeuo cha pili cha hiki: p mara (1 toa p), kisha gawa kwa n. Hapa p ni asilimia yako ikiandikwa kwa desimali, n ni idadi ya waliojibu. Unguja p ni 0.6 na n ni 100, unapata 0.096, yaani asilimia 60 jumlisha au toa 9.6. Pemba ni 30 jumlisha au toa 9. Kwa hiyo Unguja ni kati ya 50 na 70, Pemba kati ya 21 na 39, hazigusani. Ila ukichagua shehia chache na ukahoji watu wengi ndani ya kila moja, kosa lako ni kubwa kuliko hili kwa sababu majirani wanafanana, hata bei ya makaa wanainunua duka moja. Fomula hii inadhani kila mtu kachaguliwa peke yake.

La pili ndo kai-skwea mnayoiuliza, jaribio la Karl Pearson la mwaka 1900. Linauliza: kama visiwa viwili havina tofauti ningetarajia namba gani? Wote pamoja ni 90 wanaotumia na 110 wasiotumia, basi kila kisiwa kingekuwa na 45 na 55. Kwa kila chumba chukua ulichopata toa ulichotarajia, zidisha kwa nafsi yake, gawa kwa ulichotarajia. Tofauti ni 15 kila chumba, 225 gawa kwa 45 ni 5, na 225 gawa kwa 55 ni 4.09. Vyumba vinne: 5 na 5 na 4.09 na 4.09, jumla 18.18. Kwa jadwali la mbili kwa mbili mpaka ni 3.84, tumepita mbali, basi ni shida kusema ni bahati tu. Kwenye Excel =CHISQ.TEST, unaionesha majadwali mawili, ya ulichopata na ya ulichotarajia, inakupa p moja kwa moja. Hii sio ile p ya mpaka wa kosa, hii ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kama visiwa havina tofauti. Ikiwa chini ya 0.05 watu wanasema tofauti ina maana kitakwimu.

Angalizo, na hapa wengi wanateleza:

- Kai-skwea inataka idadi za watu, usiipe asilimia.
- Ulichotarajia kikiwa chini ya 5 kwenye chumba cha jadwali la mbili kwa mbili, usiitumie, tumia jaribio la Fisher, linalofaa kwa idadi ndogo (PSPP na jamovi zinalo), au kwenye jadwali kubwa unganisha makundi yanayoendana.
- p ndogo haimaanishi tofauti kubwa. Ukubwa wa tofauti ni zile pointi 30 kati ya 60 na 30, hizo ndo za kuandika kwanza.
- Tofauti sio sababu. Huenda sio Unguja na Pemba, huenda ni mjini na shamba. Gawa tena: linganisha wa mjini kwa wa mjini, wa shamba kwa wa shamba, uone kama tofauti inabaki.

Hatua ya 10: Andika

Kila jadwali sentensi mbili tatu zinatosha, anza na jibu la swali la utafiti: "Kaya za Unguja zinatumia gesi zaidi (60%, n=100) kuliko za Pemba (30%, n=100), tofauti ambayo haielekei kuwa ya bahati (p<0.001)." Usirudie kwa maneno kila namba iliyo kwenye jadwali. Grafu za mduara zenye vipande tisa achana nazo, tumia grafu ya mihimili, na kipimo chake kianze sifuri.

Ukikwama

*Excel inatoa #DIV/0! au wastani hautoki.* Namba zako ni maneno, utaziona zimekaa kushoto kwenye chumba. Tumia VALUE au andika upya.

*Fomula inakataa kabisa.* Kompyuta nyengine zinataka koma katikati na nyengine nukta mkato, badilisha ujaribu.

*Wastani wa umri umetoka mdogo au mkubwa ajabu.* Umesahau kutoa -9 au 999. Tumia AVERAGEIF.

*Jumla ya jadwali ni 194, sio 200.* Sita hawakujibu, andika hivyo. Usiwagawe kwenye makundi mengine.

*CHISQ.TEST imenipa 0.00.* Sio sifuri, ni ndogo sana, andika p<0.001.

*p yangu ni 0.30, utafiti umeharibika?* Haujaharibika. "Hatukupata ushahidi wa tofauti" ni matokeo kama matokeo mengine, yaandike. Ukianza kukatakata makundi mpaka upate 0.04 utaipata, lakini hiyo itakuwa ya bahati.

*Fomula ya Yamane (ya kujua uhoji watu wangapi) inaniambia 300, mimi nina 200.* Kwa shehia ya watu 1,200 na kosa la 0.05 kweli ni 300, (kwanza 1 jumlisha 3 ni 4, kisha 1,200 gawa kwa 4; hiyo 3 ni 1,200 mara 0.05 mara 0.05). Ukiwa na 200 mpaka wa kosa unaongezeka kidogo, uhesabu na uutaje. Cha hatari zaidi ni kuwa na 300 waliochaguliwa kwa urafiki wa sheha.

*Supavaiza anataka alfa ya Cronbach.* Ni kipimo cha kuona kama majibu ya maswali kadhaa yanaendana. Inahusu pale tu maswali hayo yanapima kitu kimoja, mfano maswali sita ya khofu ya gesi. Kwa umri, kisiwa na aina ya nishati haina kazi, na ukimuonesha maswali yako yapi yanapima kitu kimoja na yapi hayapimi mtaelewana.

*Anataka rigresheni.* Ni hesabu ya kuona mambo kadhaa kwa pamoja yanavyohusiana na jibu moja. Muulize swali lipi la utafiti linaihitaji. Likiwepo, jamovi inaifanya, lakini anza nayo baada ya hatua ya 7, mana ikitoka namba usiyoielewa jadwali la kawaida ndo litakalokuonesha imetoka wapi.